Kabla ya kulaumu breki: siku niliyokalia kiti cha utingo

Kama unaishi Kinoo, unaujua ule mtetemo. Umelala zako kwa keja iliyo karibu na Waiyaki Way, saa tisa usiku, na kioo cha dirisha kinaanza kulia. Kijiko kinacheza ndani ya kikombe. Ni lori linapanda kuelekea Muthiga. Unageukia ukuta, unavuta blanketi, unalala tena.

Halafu siku moja unasikia kwa redio ya matatu: lori limewavamia watu mahali fulani, waliofariki ni kadhaa, inasemekana breki zilikataa. Makanga anatikisa kichwa. Mama wa kiti cha mbele anasema, "Mungu atuhurumie." Mkifika Uthiru, mshaanza kuongea mengine.

Mimi pia nilikuwa hivyo. "Breki zilikataa" lilikuwa jibu tosha kwangu. Siku hizi nikisikia hayo maneno nauliza maswali, na nataka kukueleza ni kwa nini. Huenda wewe ndiwe unayevuka hiyo barabara kila asubuhi ukikimbilia kazi. Au pengine uko kama mimi: chuo kilikatikia njiani, ada haikupatikana, na sasa unaangalia kila kazi inayopita mbele yako ukijiuliza kama itakubeba.

Kazi iliyopita mbele yangu ilikuwa na magurudumu 22.

Anko wangu, ndugu yake mama, ni dereva wa flatibedi. Unalijua hilo lori hata kama jina hulijui: trela refu lisilo na kuta wala paa, kitanda kitupu cha chuma. Linabeba nondo, mabomba, mabati, mbao, mashine za ujenzi, wakati mwingine kontena. Kila kitu kiko nje, jua na mvua, na kinachokizuia kisikufuate ni mikanda na cheni tu.

Utingo wake, yule tunayemwita taniboi, alikuwa ameenda mazishi ocha. Jioni moja simu yangu ikalia.

"Kijana, uko na shughuli kesho?"

Shughuli gani? Nilikuwa nimemaliza wiki mbili nikihesabu vigae vya dari.

"Basi uvae viatu vya kufunga. Hiyo ndara yako usiniletee."

Mzunguko wa tochi

Siku hizi malori mengi ya kutoka Mombasa hayapiti Kinoo penyewe. Yanaingia Southern Bypass na kutokea upande wa Kikuyu. Yanayopita mbele ya steji yetu ni yale yanayotoka Industrial Area na mjini, au yanayoletea hadiwea za huku saruji na vyuma. Anko alikuwa amepakia nondo Athi River mchana, akazunguka na bypass, akaacha lori kwenye yadi moja karibu na Gitaru, kisha akaja kulala kwake Kinoo. Mzigo ulikuwa wa Eldoret. Nondo tani 28, kila moja urefu wa mita 12.

Saa kumi na nusu alfajiri tukapanda boda hadi yadi. Baridi ya huko unaijua. Nilidhani tutaingia ndani, tuwashe injini, tuwashe na hita, twende. Wapi. Anko alitoa tochi akaanza kulizunguka lori. Aligonga kila gurudumu kwa kijiti cha chuma akisikiliza sauti. Akachungulia chini ya trela kutafuta mahali panapovuja mafuta au upepo. Akavuta kila mkanda kwa mkono.

"Vuta huu," akaniambia.

Nikavuta. Ulikuwa umelegea kidogo, kama kamba ya kuanikia nguo.

"Jana Athi River ulikuwa unalia kama gitaa," akasema. "Unajua ni nini kimeulegeza?"

Sikujua. Akanieleza, na hili ni la kwanza ambalo ningependa ushike. Mzigo wa chuma unapopakiwa, vipande havijakaa sawasawa. Kuna nafasi ndogo ndogo katikati. Lori likitembea, kila tuta na kila shimo vinavitikisa vipande hivyo hadi vikajipanga na kushuka kidogo. Mzigo ukishuka sentimita moja, mkanda uliokuwa umekaza unabaki umening'inia. Hakuna aliyeulegeza. Barabara yenyewe ndiyo imeulegeza.

Ndiyo maana Marekani sheria inamtaka dereva asimame kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80 hivi, kisha aendelee kuukagua kila baada ya saa tatu au maili 150, lolote litakalotangulia. Ukipima kutoka Kinoo, kilomita 80 zinakufikisha karibu na Naivasha. Jiulize ni malori mangapi umeyaona yakisimama kabla ya Naivasha ili mtu avute mkanda.

Tulikaza mikanda yote upya. Viganja vyangu vilichubuka kabla hata jua halijatoka.

Hapo unapokaa

Tulipoingia ndani ya kichwa cha lori, nikakaa kiti cha kushoto, nikainua miguu. Anko akaniangalia.

"Funga mshipi."

Nikafunga.

"Hapo unapokaa," akasema, "kuna kijana alikaa."

Aliniambia hadithi hiyo wakati injini ikijaza upepo wa breki, sindano mbili zikipanda polepole kwenye dashibodi. Miaka kadhaa nyuma alikuwa anaendesha la mwajiri mwingine. Walipakia nondo vile vile. Waliondoka kwa haraka kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu. Mikanda ilikuwa minne, miwili ikiwa imechakaa, na chini ya nondo hapakuwekwa mbao. Kwenye mteremko, matatu ikakata mbele yao ili kuchukua abiria. Anko akakanyaga breki. Lori likatii. Mzigo haukutii.

Fungu moja la nondo liliteleza mbele, likapasua ukuta wa trela, likaingia ndani ya kichwa upande wa kushoto. Yule kijana alipona, lakini mkono wa kulia ulikatwa hospitalini. Hakuwa na barua ya kazi. Mwajiri alilipa bili ya siku za kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani.

"Na polisi waliandika nini?" nikauliza.

"Breki," akasema. "Waliandika breki. Na breki zilifanya kazi kuliko siku zote."

Akaweka gia, tukatoka.

Acha nikupigie hesabu aliyonifanya niipige baadaye kwa simu. Wahandisi wanaoandika kanuni za kufunga mizigo, Ulaya na Marekani, hukadiria kwamba lori likifunga breki kwa nguvu, mzigo unasukuma mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Kwa tani 28, hizo ni zaidi ya tani 22 zinazotaka kuja kukaa nawe kwenye kiti. Kinachozizuia ni mambo mawili: mikanda inayoukandamiza mzigo chini, na msuguano kati ya mzigo na sakafu ya trela. Chuma juu ya chuma kinateleza, na kikilowa mvua ndio kabisa. Ndiyo sababu dereva anayejua kazi huweka mbao au mpira chini ya nondo. Kipande cha mbao unachokiona kimebaki peke yake kwenye trela tupu si takataka. Hicho ndicho kilichomleta mtu nyumbani.

Simu juu ya mteremko

Tulipita Rironi kukianza kupambazuka, tukashika njia ya Mai Mahiu. Malori mengi mazito hushukia huko kuingia Bonde la Ufa. Kama hujawahi kupita, mwisho wa mteremko kuna kale kanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wale wale walioijenga barabara hiyo. Ukiwa kwa matatu unatoa simu unapiga picha ya bonde. Ukiwa ndani ya lori lenye tani 28 mgongoni, huoni bonde. Unaona barabara ikiinama.

Kabla haijainama, Anko akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akawasha taa za dharura, akaniambia niweke kabari nyuma ya magurudumu.

"Tumetembea hata saa moja haijaisha," nikasema.

"Ndiyo. Na sasa tunaenda kushuka."

Mikanda miwili ilikuwa imelegea tena. Tukakaza. Mmoja ulikuwa umeanza kukatika nyuzi pale unapopita kwenye kona ya nondo. Akautoa, akaweka cheni mahali pake, na chini ya cheni akaweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Kazi ilichukua kama dakika arobaini, na katikati yake simu ikalia. Ni bosi. Aliongea kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia nikiwa upande wa pili wa trela.

Uko wapi? Mteja anangoja. Amesema mwisho saa kumi. Mbona ramani inanionyesha umesimama?

Siku hizi bosi anaona lori lake kwa simu, kama wewe unavyoona boda uliyoitisha. Anaona limesimama. Mkanda unaokatika nyuzi hauonekani kwa ramani.

Anko alijibu kwa adabu kuliko nilivyotarajia. "Bosi, nakaza mzigo. Nikimaliza nitatoka." Akakata. Kisha akakaa kwa ngazi ya kichwa cha lori dakika moja nzima bila kusema neno. Nikaona mkono wake unatetemeka kidogo. Ana watoto watatu shuleni. Analipwa kwa tripu. Bosi akikasirika, tripu ijayo inaenda kwa mwingine, na wengine wako wengi.

Hapo ndipo akili yangu ilipogeuka. Breki za lori nilizokuwa nikizisikia kwa redio zina kanyagio moja miguuni mwa dereva na lingine mfukoni mwa mtu ambaye hayuko barabarani. Yule aliye na haki ya kusema "ngoja" na asifutwe kazi ndiye mwenye breki. Siku hiyo Anko aliitumia haki ambayo hakuwa na uhakika kwamba anayo.

Breki hufa vipi

Tulishuka polepole hadi matatu zilitupigia honi. Anko hakubadilisha. Kanuni yake ni ya wazee wa kazi: shuka mlima kwa gia ambayo ungeupanda nayo. Injini ndiyo inayoshikilia lori, na breki ya miguu inaguswa tu kidogo kidogo.

Watu wengi hudhani upepo wa breki ukiisha lori linakimbia. Kwenye malori ya kisasa ni kinyume. Breki za nyuma zina springi kali, na upepo ndio unaozishikilia zisifunge. Upepo ukivuja wote, springi zinafunga magurudumu na lori linakwama pale pale. Kinachoua breki kwenye mteremko ni moto. Dereva akikanyaga muda mrefu bila msaada wa injini, diramu zinapata moto, zinapanuka, lainingi zinapoteza nguvu ya kushika. Anakanyaga hadi mwisho na hakuna kitu. Wakati huo, hata akitaka kurudi gia ya chini, mara nyingi gia inakataa kuingia kwa sababu mwendo umezidi.

Sasa jiulize ni kwa nini mtu mzima mwenye leseni ashuke mlima na gia juu, au aitoe kabisa na kuliachia lori liteleze. Jibu la mtaani ni kwamba madereva ni wazembe. Wapo, sikatai. Lakini lori likiteleza bila gia halinywi dizeli nyingi, na dizeli iliyobaki ni pesa. Mahali ambapo tripu hailipi vizuri, dizeli inakuwa sehemu ya mshahara. Na mahali ambapo muda umebana, mteremko unakuwa nafasi ya kufidia dakika zilizopotea kwa foleni.

Historia ya barabara hii imeandikwa kwa miteremko. Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka lilishindwa kusimama kwenye matuta, likagonga magari mengine na kulipuka. Waliokufa walikuwa wapatao 40. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, mbele ya Salgaa, watu 36 wakaaga. Juni 30, 2023, jioni, lori lenye kontena liliacha barabara pale Londiani Junction na kuvamia matatu, waenda kwa miguu na wachuuzi waliokuwa wakiuza mboga zao. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hao wachuuzi hawakuwa wamepanda gari lolote.

Baada ya Migaa, sehemu ya Salgaa hadi Sachangwan iliwekewa kizuizi cha kutenganisha njia ya kupanda na ya kushuka. Nilipopita hapo nikiwa juu kwenye kile kiti, nilielewa kizuizi hicho kinasema nini. Kinasema kwamba mtu anaweza kukosea, gari linaweza kukosea, na bado si lazima basi lililojaa watu ndilo lilipie.

Saa nane za karatasini

Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Ni sheria nzuri. Sasa chukua simu upige hesabu. Nairobi hadi Malaba ni kama kilomita 440. Lori lililojaa, ukihesabu milima, foleni na vituo vya mizani kama Gilgil na Webuye, likipata wastani wa kilomita 45 kwa saa limejitahidi. Hiyo ni karibu saa 10. Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, inapita saa 10.

Kwa hivyo dereva aliye peke yake na anayefuata sheria anahitaji kulala njiani. Lakini alale wapi? Anko anasema akilala kituoni analipia usalama, na akilala pembeni ya barabara anaamka tangi likiwa limefyonzwa au mkanda umekatwa. Flatibedi haina mlango wa kufunga. Mzigo wako ni dirisha la duka lisilo na kioo. Basi wengi wanaamua kusukuma. Mfuko wa muguka, soda, redio juu, twende.

Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Ukisinzia sekunde nne, umeenda karibu urefu wa uwanja wa mpira ukiwa umefumba macho. Na huendeshi matatu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori lenye ekseli 7 linaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo. Hizo ni kama matatu 18 za abiria 14, zote zikiwa zimejaa, zimefungwa pamoja, na mtu mmoja mwenye usingizi ndiye anayeziongoza.

Wewe uliye nje

Mengi ya haya huwezi kuyabadilisha ukiwa umesimama steji ya 87 na earphone masikioni. Lakini kuna yale yaliyo mikononi mwako. Nimekaa kule juu, nimeona mambo ambayo hayaonekani kutoka chini, kwa hivyo nisikilize.

Dereva wa lori haoni kila kitu. Mbele kabisa ya bampa hakuoni. Nyuma ya trela hakuoni. Upande wa kushoto wa kichwa, ambako boda na wapita njia hupenda kujipenyeza, ndio mbaya zaidi, kwa sababu yeye ameketi kulia na yuko juu sana. Kipimo ni rahisi: kama huoni uso wake kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni wewe.

Lori likikata kona kwenda kushoto, kichwa kwanza kinaenda kulia kidogo. Nafasi inafunguka. Mtu wa boda anasema, "Hapo napita." Hapana. Magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata ndani. Ile nafasi inajifunga, na wewe uko katikati yake.

Usifuate flatibedi kwa karibu. Nondo au mabomba yakitokeza nyuma, yanaweza kuwa kiwango sawa na kichwa chako. Ukiona mkanda unapeperuka upeponi, piga honi, onyesha kwa mkono, umpe dereva ishara asimame. Anko anasema waliomwokoa mara mbili walikuwa watu wa matatu waliompigia kelele, na yeye akidhani wanamtukana.

Na nyinyi vijana wa baiskeli mnaojishikilia nyuma ya lori likipanda mlima wa Kangemi, nawajua, nami nilikuwa huko. Dereva hajui kama upo. Akikanyaga breki, wewe huna yako.

La mwisho: lori likianguka, usikimbilie mzigo. Januari 31, 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaja na mitungi. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa kawaida walioona bahati.

Geti la Eldoret

Tuliingia Eldoret saa kumi na moja jioni, saa moja baada ya muda wa mteja. Tulikuwa tumesimama Naivasha kukagua, Gilgil kupimwa, Nakuru kula chapo na maharagwe, na tena kabla ya kupanda Mau. Mgongo wangu ulikuwa unauma kama nimebeba zile nondo mwenyewe. Kutoka mteremko wa Mai Mahiu, simu ya bosi ilikuwa imelia mara saba. Nilihesabu.

Tulipofika kwa geti la mteja, askari akatoka na tochi. Akatuambia tupange foleni. Mbele yetu kulikuwa na malori mawili yaliyofika tangu asubuhi, na yote hayakuwa yamepakuliwa. Winchi ilikuwa imeharibika. Fundi angekuja kesho.

Nilimwangalia Anko. Anko akaniangalia. Tukacheka hadi askari akadhani tumelewa.

Fikiria hilo. Zile dakika arobaini zilizopigiwa kelele, zile ambazo dereva mwingine angezifidia kwa kuachia lori liteleze, hazikuwa na kazi yoyote huku mwisho. Tungefika saa kumi au saa tatu usiku, tungelala hapo hapo kwa geti. Tulipakuliwa kesho yake adhuhuri.

Tuliporudi, bosi alimwambia Anko kwamba utingo wake harudi tena, ameamua kulima kwao, na kwamba mimi naonekana kijana mchapakazi. Kiti kiko wazi nikitaka. Nilikitaka, sitakudanganya. Leseni ya kuendesha trela, daraja la CE, inahitaji umri wa angalau miaka 28 na uzoefu wa magari madogo kuliko hayo, kwa hivyo kwa mtu wa umri wangu, kiti cha kushoto ndiyo shule.

Lakini nilimkumbuka yule kijana wa mkono. Nikauliza kuhusu sheria nikaambiwa hivi: tangu 2007 Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, inayomtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Tatizo la mkataba wa mdomo ni kwamba siku ya ajali mdomo hukana. Kwa hivyo nikamwomba bosi barua ya kazi, ukurasa mmoja tu, na nakala ya ile bima. Nikaongeza jambo la tatu, kwa adabu kama ya Anko: tukisimama kukaza mzigo, isiwe kosa.

Akasema ataangalia.

Wiki ya tatu hii. Usiku kioo cha dirisha kikianza kulia, siku hizi sigeukii ukuta. Nasikiliza. Lori likipanda kwa gia ya chini, polepole, injini ikinguruma kwa utaratibu, nasema moyoni huyo amekaza. Likipita kwa kasi, vyuma vikigongana huko nyuma, nakaa macho hadi sauti ipotee upande wa Muthiga. Na asubuhi, kabla ya kutoka, naangalia simu kama bosi ameandika.